Kichwa Kisichobanduka

Jumatatu asubuhi, saa mbili na robo, Kimya alimng'oa nywele mwigizaji mashuhuri kuliko wote aliowahi kuwatia mkononi.

Hivyo ndivyo alivyodhani. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti katika chumba cha vipodozi, kopo la jeli mkono huu, kitana mkono ule, akijitahidi kuzilaza nywele za mzee zikubali kukaa chini ya kofia ya mpira. Alipaka, akachana, zikainuka. Akapaka tena, akazikandamiza kwa viganja vyote viwili, kisha akavuta kuelekea nyuma kwa nguvu kidogo tu. Nywele zote, tangu kwenye paji la uso hadi kisogoni, zikaamua kumfuata. Ziliteleza kama kifuniko cha sufuria, zikabaki zinaning'inia mkononi mwake na kudondosha jeli sakafuni.

Kimya hakupiga ukelele. Hakuwa mtu wa kelele hata akikanyagwa. Ndiyo maana chuoni walimpachika jina hilo, nalo likamfuata mpaka kazini. Alichofanya ni kuzirudisha nywele mahali pake upesi upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mna mwenyewe. Kwa haraka yake, alizirudisha kisogo mbele.

Mzee akajitazama kwenye kioo. Jicho moja lilikuwa limefunikwa kabisa.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "hebu funga mlango kwanza."

Kila mtu alimwita Msitu. Ni jina alilopewa enzi za ujana wake, alipokuwa akiigiza wapenzi wanaoimba chini ya dirisha na maofisa wanaovunja mioyo ya wasichana. Hata sasa, akiwa na miaka hamsini na minane na akiitwa zaidi kuigiza mawaziri na baba wa bibi harusi, jina lilikuwa bado linamkaa. Nywele zake zilikuwa nzito, nyeusi, zenye mvi chache za heshima pembeni. Kuna wakati picha yake ilibandikwa kwenye chupa za mafuta ya nywele. Mama yake Kimya alikuwa nayo chupa moja mpaka leo, tupu, juu ya rafu ya bafuni, na ole wake atakayeitupa.

Sasa Msitu alikuwa amepata kazi aliyoililia maisha yake yote. Haikuwa ya waziri wala ya mpenzi. Ilikuwa ya fundi saa mzee, mtu wa maneno machache, ambaye vidole vyake ndivyo vinavyosema. Filamu ilianza na taa ya mezani ikiushukia polepole upara wa fundi saa aliyeinamia saa ndogo. Iliishia na taa ile ile, juu ya upara wa mwanawe, katika kiti kile kile. Mwongozaji, mama mwembamba aliyeitwa Mama Kata kwa namna alivyolipigia kelele neno hilo kila anapotaka kamera isimame, alikuwa ameziota picha hizo mbili kwa miaka sita. Alimwomba Msitu anyoe. Msitu akakataa katakata. Ikaamuliwa avalishwe kofia ya upara, ile ngozi nyembamba ya mpira inayowekwa juu ya nywele na kubandikwa kwa gundi kwenye paji la uso, ili mwenye nywele aonekane hana.

Fundi mkuu wa vipodozi angeifanya kazi hiyo huku anapiga soga. Lakini fundi mkuu alikuwa kitandani, mgongo umemgomea, na kazi ikamwangukia msaidizi wake aliyetoka chuoni miezi minne iliyopita na ambaye bado alikuwa kwenye majaribio.

"Ijumaa nataka kukiona kichwa mbele ya kamera," Mama Kata alikuwa amesema. "Kikionekana ni kichwa, tunaendelea. Kikionekana ni mpira, mzee namrudisha kwake, nampigia simu yule wa redio aliyejaaliwa upara wake mwenyewe. Na wewe binti, itabidi nitafute mtu mwingine. Sina ubaya na wewe. Nina filamu."

Kimya alifunga mlango, akauegemea.  Mzee ndiye aliyemalizia kazi. Alilishika wigi kwa vidole viwili, akalivua, akaliweka gotini na kulipapasa kama paka aliyenyeshewa. Chini yake kilikuwapo kichwa kilichokamilika: upara wa duara safi, rangi ya chungu kilichopakwa mafuta, na karibu na utosi alama ya kuzaliwa, nyeusi, umbo la harage.

"Zilianza kuondoka nikiwa na miaka ishirini na tisa," alisema. "Bila hata kuaga. Nilipofika thelathini na tatu zilikuwa zimebaki chache kiasi kwamba ningeweza kuzipa majina. Hili alinishonea mama watoto. Anajua yeye, najua mimi. Na leo unajua wewe."

 "Kwa hiyo mzee una upara," Kimya alinong'ona.

"Ninao."

"Na juu ya upara unavaa wigi."

"Navaa."

"Na mimi juu ya wigi nakuvalisha kofia ya mpira."

"Ili nionekane nina upara. Eeh."

Walitazamana kwenye kioo. Mzee ndiye aliyeanza, mabega yakimtikisika; Kimya akaziba mdomo kwa sponji ya poda, akapaliwa na poda, akapiga chafya, na hapo wote wawili wakashindwa kujizuia. Walicheka mpaka mzee akalazimika kujifuta macho, na kilichokuwa karibu kujifutia ni wigi.

"Basi si uwe hivyo hivyo tu?" Kimya aliuliza baadaye. "Kichwa wanachokitafuta si hiki hapa?"

Mzee akaacha kucheka. "Mwanangu, kuna watu walipaka mafuta yale kila siku kwa ajili ya kichwa changu. Wakasugua, wakangoja. Nikitoka hivi, nitakuwa yule aliyewadanganya. Halafu, nikwambie ukweli? Naona haya. Mzee mzima. Nikiwa bila hizi nahisi kama nimetoka nje bila suruali."

Kimya alilielewa hilo kuliko alivyoweza kusema. Yeye mwenyewe kuna siku alilizunguka jengo zima, juani, ili asipite mbele ya watu watatu waliokaa kwenye ngazi. Alikitazama kile kichwa, akaitazama kofia ya mpira iliyokunjamana mezani kama puto lililopasuka. Akapiga moyo konde.

"Wakiuliza," alisema, "tutasema ni kazi yangu."

Mpango huo ulikuwa na tatizo moja: kichwa kilikuwa kizuri mno. Kofia ya mpira, hata ifanywe na nani, ina ukingo. Mwenye jicho la kazi huutafuta, na asipouona huanza kujiuliza. Basi Ijumaa alfajiri Kimya alijifungia na mzee, akachukua brashi nyembamba kuliko zote, akamchorea ukingo wa uongo kwenye paji la uso. Juu ya sikio la kushoto akamtengenezea kikunjo kidogo kwa gundi. Akaupooza mng'ao kwa poda.

"Unaniharibu ili waamini," mzee alisema.

"Kidogo tu, mzee. Tulia."

Mama Kata alikikagua kichwa kwa tochi. Alikizunguka mara mbili huku anavuta midomo. "Si kibaya," alisema. "Kusema kweli nilitarajia boga. Ila nauona ukingo hapa juu ya nyusi. Na hapa sikioni pamekunjamana. Rekebisha."

Kimya akamrudisha mzee chumbani. Akaufuta ukingo kwa kitambaa chenye maji, mara moja tu, akabandua gundi ya sikioni, kisha wakakaa wakanywa chai nusu saa nzima ili ionekane kazi imefanyika. Waliporudi, Mama Kata alibaki mdomo wazi.

"Haiwezekani," alisema. "Huu mshipa hapa umeuchora?"

Kimya akasogeza kichwa namna isiyokuwa ndiyo wala hapana.

"Na hii alama nayo! Nani alikwambia umwekee alama ya kuzaliwa? Haimo kwenye maandishi." Akaisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa. "Nimeipenda. Iache. Tutaanza na hiyo alama, taa ikishuka. Watu wa vipodozi watoke nje, tunarekodi!"

Ndivyo Msitu alivyoupata ufundi saa, na ndivyo Kimya alivyopata sifa asizostahili.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa tamu na zenye kuchosha. Kila asubuhi Msitu aliingia na wigi lake, akawasalimia watu, akajifungia na Kimya kwa saa moja na nusu, muda ambao kofia ya upara ingehitaji, akatoka bila nywele. Kazi halisi ilimchukua Kimya dakika saba: kukausha jasho, poda, brashi. Muda uliobaki mzee alimfundisha kucheza karata na kumsimulia habari za majukwaa ya zamani. Jioni aliwekwa tena wigi, na hapo ndipo mkewe alipokuja kumpitia, amebeba boksi la viatu lenye sindano, uzi na kitana kidogo.

Alikuwa mama mnene, mcheshi, mshonaji wa miaka mingi. Kwa wigi lile alikuwa na jina lake.

"Haya, mwenzako ameshindaje leo?" angemuuliza mumewe akiingia. "Naona amechoka. Hebu lete nimnyooshe."

Siku moja Kimya alimkuta ameinamia wigi, anapitisha unywele mmoja mweupe kwenye wavu kwa sindano, taratibu, kama anayetarizi.

"Mama, mbona unaongeza mvi?"

"We! Kwani huyu hazeeki? Mwanaume wa karibu sitini mwenye nywele za kijana si watu watanusa tu? Kila siku yake ya kuzaliwa ikifika namtilia mvi kumi. Mwaka aliougua niliweka kumi na tano."

"Unazipata wapi?"

Mama akagusa kitambaa chake cha kichwa, akacheka. "Unadhani nazinunua? Mimi naota, yeye anavaa."

Usiku ule Kimya aliifikiria ile sindano mpaka usingizi ukampitia.

Halafu ikaja siku ya mwana.

Mwana wa fundi saa aliigizwa na kijana wa miaka ishirini na sita ambaye uso wake ulikuwa kwenye kila bango la mjini. Walimwita Chipukizi. Alikuwa na misuko iliyomfika mabegani na kofia ya sufu ambayo hakuivua hata kwenye joto la taa, isipokuwa kamera ikiwaka. Sehemu zake zote za ujana zilikuwa zimekwisha kurekodiwa. Iliyobaki ilikuwa ile ya mwisho: mwana amekuwa mtu mzima, amerithi kiti, taa na upara wa babaye.

"Huyo mkabidhini Kimya," Mama Kata aliamuru akisugua mikono. "Nataka kichwa kile kile. Pacha. Na alama ya harage pale pale utosini. Jumatano."

 Kimya alikesha na kitabu chake cha chuo, akachanganya rangi, akajaribu kofia nne za mpira. Misuko haikukubali kulala. Kila alipoikandamiza huku, ilivimba kule. Jumatano ilipofika, Chipukizi alitoka chumbani akiwa na kichwa kirefu chenye matuta, kama gunia la viazi lililovalishwa soksi.

Watu wa taa wakageukia ukutani, mabega yanacheza.

"Hii nini?" Mama Kata aliuliza kwa sauti ndogo. Sauti yake ikiwa ndogo ndiyo watu walikuwa wakiiogopa.

"Mama, mimi nasikia kama nimevaa ndoo," Chipukizi alisema.

"Nakuuliza wewe, binti. Yule mzee unamfanyia kazi ya malaika, huyu unamletea boga? Amekukosea nini? Au ukishasifiwa unachagua wa kumhudumia?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Neno moja tu, na aibu yote ingehamia kwenye kichwa cha mtu mwingine. Kimya aliuma meno. Aliahidi nyuma ya mlango uliofungwa, na mzee alimwamini mara tu baada ya yeye kumng'oa nywele. Si kila mtu angefanya hivyo.

"Sijui kutengeneza kingine," alisema.

"Hujui au hutaki?"

Kimya aliinamisha macho kwenye brashi zake.

"Basi kusanya vitu vyako. Nimechoka kubembeleza watu."

Akaanza kukusanya. Brashi pana, brashi ya nyusi, brashi ile nyembamba ya ukingo wa uongo, moja moja, akizifuta na kuzipanga kwenye mkoba wake wa kitambaa. Hakulia, ila hakuwa akiona vizuri anachokipanga. Jukwaa zima lilikuwa kimya kuliko yeye.

"Mama Kata," sauti ikasema kutoka mlangoni. "Mwache mtoto."

Ni Msitu, ndiyo kwanza anaingia, na wigi lake limechanwa vizuri. Alitembea mpaka katikati ya taa, akasimama pale kama mtu anayetaka kuimba. Kimya alitikisa kichwa kumkataza. Mzee akamkonyeza. Kisha akapandisha mkono, akashika nywele kwa mbele, akazivua kama mtu anayevua kofia kusalimia wakubwa.

Hakuna aliyeshtuka. Hilo ndilo hakulitarajia.

"Ahaa," Mama Kata alisema. "Naona wewe keshakuvalisha. Saa ngapi hizi? Si umeingia sasa hivi?"

"Sijavalishwa kitu. Hiki changu."

"Msitu, leo sina hamu ya utani."

"Nakwambia hiki kichwa changu! Sina nywele. Sijawa nazo tangu zamani. Zile ndizo za bandia, hizi... yaani hii... ndiyo mimi."

Chipukizi, na gunia lake la viazi kichwani, alimzunguka nyuma akainama kuchungulia. "Mama, hata huku nyuma hakuna ukingo. Ngoja kidogo." Akaibana ngozi ya kisogo kwa kucha mbili, akavuta.

"Aah!" mzee akaruka.

"Haibanduki!" Chipukizi alitangaza.

"Itabandukaje na nimezaliwa nayo, we mtoto!"

Mama Kata aliagiza beseni, maji ya moto, sabuni na taulo. Akamkalisha mzee kwenye kiti cha fundi saa, akakunja mikono ya shati, akaanza kusugua kama anayesugua sufuria iliyoungua. Alisugua juu, akasugua pembeni, akasugua kwa duara pale penye harage. Harage halikutoka. Kila alivyosugua ndivyo kichwa kilivyong'aa, mpaka mwenye taa akaomba ruhusa ya kuigeuza taa yake maana inamrudia machoni.

Mlango ukafunguliwa. Mama wa boksi la viatu alikuja mapema siku hiyo, akasimama kizingitini, akayatazama mapovu yanayotiririka kwenye masikio ya mumewe.

"Jamani! Mnamfanya nini mume wangu?"

"Tunatafuta ukingo," Chipukizi alieleza.

"Ukingo gani? Kichwa hicho nimekiogesha miaka ishirini na mitano. Ungekuwapo si ningekuwa nimeuona mimi?"

Taulo likamponyoka Mama Kata. Polepole akageuka, akamtafuta Kimya kwa macho, akamkuta pale alipokuwa, mkoba mkononi.

"Na ule ukingo niliokwambia urekebishe, ile Ijumaa?"

"Nilikuwa nimeuchora," Kimya alisema.

"Ukaurekebishaje?"

"Niliufuta. Kwa kitambaa."

"Nusu saa?"

"Tulikunywa chai."

Mama Kata alikaa kwenye ukingo wa meza ya fundi saa. Kwanza alionekana kama anayetafuta kitu cha kurusha. Midomo ikamtetemeka, ikafunguka, na kicheko kilichotoka kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake. Alicheka akiwa ameshika beseni lisimwagike. Na akicheka yeye, nani abaki? Watu wa taa waliachia kicheko walichokuwa wamekibana tangu asubuhi. Mama wa boksi alicheka huku akimpangusa mumewe mapovu. Msitu mwenyewe alikaa katikati yao, kichwa kinang'aa, akipokea kicheko kama anavyopokea makofi. Ilichukua muda Kimya kugundua kwamba mzee anatafuta kwa macho mtu anayemcheka kwa ubaya, na hampati.

"Lakini wewe binti," Mama Kata alisema akihema, "kwa nini hukusema? Nilikuwa nakufukuza!"

"Haikuwa yangu ya kusema," Kimya alijibu. Yalikuwa maneno machache, ila yalisikika mpaka nyuma.

Mama Kata akaliweka beseni chini. "Rudisha brashi zako mezani," alisema. "Mtu aliyechora uongo juu ya ukweli nikaamini mimi, huyo simwachi aende kwa wengine. Ila kichwa cha mwana bado sina. Na hilo gunia siweki kwenye filamu yangu."

Kila mtu akamgeukia Chipukizi. Chipukizi akarudi nyuma hatua moja. "Mimi sinyoi," alisema haraka. "Nilishasema."

"Na hakuna anayekulazimisha," Msitu alisema. "Njoo hapa ukae, nikuulize kitu."

Kijana alisita, kisha akachuchumaa karibu na kiti. Hakusubiri kuulizwa. Aliongea chini chini, lakini Kimya alikuwa jirani, anamfungulia gundi ya paji la uso, na chini ya mpira sasa akayaona vizuri yale ambayo kofia ya sufu na haraka ya asubuhi zilikuwa zimeyaficha: misuko ya mbele imeanza mbali kuliko inavyopaswa, na kwenye pembe zote mbili ngozi inang'aa.

"Mzee. Zako zilianzia wapi?"

"Hapo hapo zinapokuanzia wewe."

"Iliuma?"

"Ngozi haikuuma. Niliumia nilipokuwa nazificha. Upepo ukivuma, moyo mbio. Mtoto akinyoosha mkono nimbebe, namkwepa. Sikuwahi kuogelea na wanangu." Akajipapasa utosi. "Ukizoea, shida ni baridi tu. Na nzi."

"Nikinyoa halafu zisirudi?"

"Zisiporudi utanikuta mimi huku. Nafasi ipo."

Chipukizi alicheka bila kutaka. Alimtazama Kimya kwenye kioo cha mkono. "Dada, una mkono mwepesi?"

"Ninao," Kimya alisema, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu hakuwa anaficha kitu.

Alimnyoa pale pale, misuko ikidondoka mmoja mmoja kwenye shuka. Mama wa boksi aliiokota, akaipanga, akasema nywele nzuri hazitupwi, kuna watu wanazihitaji. Kisha ikaja kazi ya kweli, ambayo kichwa cha mtu mwingine kisingeweza kumfanyia: alama ya harage. Kimya aliwaketisha mzee mbele, kijana pembeni, akaichora ile nyeusi tabaka kwa tabaka, akaitia kivuli upande mmoja, akaipandishia kingo kwa gundi chembe moja, akapuliza. Ilimchukua saa mbili. Hakunywa chai.

Alipomaliza, vichwa viwili viliinama chini ya taa moja. Mama Kata alivitazama vya kutosha, akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua harage ili kuona kama lile la kuchorwa litafutika.

"Aah, tena?" Msitu alisema.

Alikuwa amekosea kichwa.

Asubuhi iliyofuata Msitu alifika kazini bila wigi. Mkewe alikuwa amelifungia kwenye boksi la viatu, akasema sasa mwenzake apumzike, na mvi zake yeye za mwaka huu atazivaa mwenyewe. Mzee alivuka barabara akiusikia upepo sehemu ambazo hakuwa amezikumbuka, akafika getini, akapunga mkono kama siku zote.

Askari wa getini, ambaye kwa miaka tisa alimfungulia bila hata kumtazama, hakusogea.

"Mzee, samahani. Unamtafuta nani?"

"Naingia kazini."

"Kazi gani? Jina lako silioni hapa."

Kimya alikuwa upande wa pili wa uwanja, amebeba trei ya vikombe, na katikati yao walikuwapo watu wapatao ishirini: wapiga picha, mafundi umeme, waigizaji wa ziada wakisubiri kuitwa. Siku nyingine angezunguka kupitia nyuma ya jengo, aende amnong'oneze askari. Alisimama. Akavuta pumzi.

"Huyo ni Msitu!" alipaza sauti, vikombe vikatikisika. "Mfungulie!"

Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Masikio yalimwaka moto, lakini miguu haikukimbia.

Askari alikitazama kichwa, akamtazama binti, akakitazama kichwa tena. "Msitu?" aliuliza. "Msitu upi huu?"

"Uliofyekwa," mzee alijibu, akapita.